SOMO: Kupiga picha Spitfire ikiwa angani bila kulizima pangaboi

Wakuu, salaam. Picha zangu za kwanza za Spitfire, ile ndege ya vita ya Waingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, nilizipiga kwenye maonyesho ya ndege Duxford, kule Uingereza, na zilitoka safi mno. Ungeweza kuhesabu ribiti za ubavuni. Nikamwonyesha mke wangu kwa majivuno. Akatazama, akauliza, "Mbona injini imezimika?" Nilikuwa nimeweka shata (muda kamera inaoruhusu mwanga kuingia) 1/2000 ya sekunde, na mapanga yote manne yalikuwa yamesimama kama feni umeme ulipokatika. Ndege ya vita yenye injini ya lita 27 ikaonekana kama ya kuchezea iliyoning'inizwa kwa uzi.

Kwa hiyo somo hili ni la pangaboi, yaani yale mapanga ya puani yanayovuta ndege, kuliko kitu kingine chochote.

1. Piga hesabu ukiwa bado nyumbani

Tuseme kwenye maonyesho Merlin, injini ya Spitfire, inazunguka mara 2,400 kwa dakika. Pangaboi haliendi kasi hiyo, maana kati yake na injini kuna gia. Kwa Spitfire nyingi za toleo la Mk IX uwiano ni 0.477, chini kidogo ya nusu. Unabaki na mizunguko kama 1,145 kwa dakika, sawa na 19 kwa sekunde.

Sasa angalia shata inafanya nini. Kwa 1/1000, panga linasogea nyuzi 7 tu kati ya 360 za duara, limeganda. Kwa 1/250 linasogea 27 hivi. Kwa 1/125 linafika 55, na hapo macho yanaanza kuamini kwamba kitu kinazunguka. Mapanga manne yameachana kwa nyuzi 90, kwa hiyo anayetaka duara kamili ashuke hadi karibu 1/80. Spitfire ya Old Warden, uwanja mwingine wa Uingereza, yenye namba AR501, ni toleo la Mk V lenye mapanga matatu, nayo itakudai 1/60. Hapo wengi tunalia, maana mkono ukitikisika kidogo tu picha nzima inavurugika.

Anza na 1/320 upate picha za akiba, kisha shuka taratibu: 1/250, 1/160, 1/125. Usianze siku na 1/80 ukarudi nyumbani mikono mitupu.

2. Kamera

Weka hali ya kuchagua shata mwenyewe (S au Tv), ISO 100 (unyeti mdogo wa mwanga), fokasi ya kufuatilia, na upigaji wa mfululizo. Jua likiwa kali, kwa 1/125 kamera itaziba tundu la lenzi hadi f/16, dogo sana, na hapo kila punje ya vumbi iliyo kwenye sensa inajitokeza angani kama doa. Safisha sensa kabla ya safari, au funga kioo cheusi cha kupunguza mwanga.

Mawingu yakiwa meupe, ongeza mwanga +0.7 hadi +1. Usipofanya hivyo tumbo la ndege litatoka jeusi kama sufuria ya mkaa.

3. Pa kusimama

Duxford watazamaji wanaelekea kusini, maana yake saa sita mchana jua liko mbele yako. Mimi mchana huo nakula, naanza kazi jua likishainama. Old Warden mstari wa watazamaji una kona, na rubani akiifuata ile kona analaza ndege, unaona mgongo wote wa mabawa. Hiyo ndiyo picha ya kuweka ukutani.

Msidharau ndege ikiwa bado chini. Pua ya Spitfire ni ndefu, rubani haoni mbele, kwa hiyo anatembeza ndege kwa kuyumba kushoto na kulia kama mlevi anayejitahidi. Unapata pande zote mbili bila kuhama. Injini iko polepole hapo, tumia 1/60.

4. Mwili

Hapa ndipo picha inapopatikana au kupotea. Elekeza miguu pale ndege itakapokuwa karibu nawe zaidi, si pale inapotokea. Kisha jipinde kiunoni kuigeukia ikiwa bado nukta. Viwiko vibane mbavuni. Weka alama ya fokasi kwenye kioo cha rubani, ifuate bila kubonyeza, mwendo wako na wake ulingane kwanza. Ikikaribia, bonyeza taratibu, na ukimaliza endelea kugeuka nayo. Anayesimama ghafla baada ya kubonyeza anatikisa fremu za mwisho, ambazo mara nyingi ndizo nzuri.

Mazoezi ni bure: kaa kando ya barabara, fuata bodaboda kwa 1/60 hadi dereva atoke wazi na tairi zizunguke.

MASWALI YA WANACHAMA

Mombasa: Nina kamera ya sensa ndogo na lenzi ya 55-250. Inatosha, au nisubiri hela ya lenzi ya milimita 400?

Inatosha kuanzia, mkuu. Bawa hadi bawa Spitfire ni mita 11 na kidogo tu, kwa hiyo ikiwa mbali utakata picha. Kazana na kuruka na kutua.

Dar: Hizi ndege ndogo za abiria, Caravan, za kwenda Zanzibar, shata ileile?

Karibu ileile. Pangaboi la Caravan halizidi mizunguko 1,900 kwa dakika, 1/160 inapendeza. Ila usiinue kamera uwanjani bila ruhusa, utaeleza siku nzima.

Nairobi: Simu haiwezi?

Inaweza, ila simu inasoma picha mstari kwa mstari, na pangaboi linatoka limepinda kama ndizi.

Muscat: Na ndege za jeti za zamani, kama Hunter?

Hazina pangaboi, kaka. Piga 1/1000 ustarehe.

Arusha: Unabakiza picha ngapi?

Kwa 1/125, nikipiga 200 nabakiza kumi nikifurahi.

Dar tena: Shemeji alisemaje kuhusu picha mpya?

Aliuliza kwa nini rubani hana uso. Nilikuwa nimeshuka hadi 1/60. Nimerudi 1/125.