Jinsi ya kuchonga taa ya tanipu kwa usiku wa Samhain

Samhain ni sikukuu ya kale ya Waairishi, ambayo usiku wake, jioni ya 31 Oktoba, sasa wengi huuita Halloween. Nunua tanipu yako mapema, kabla wiki ya mwisho ya Oktoba haijafika, maana zile kubwa huisha haraka. Hapa County Meath, Ireland, ukitaja tanipu utapewa mzizi wa mviringo wenye ganda la zambarau juu na manjano chini, mgumu kama muhogo uliolala siku tatu. Usichukue zile ndogo nyeupe. Tafuta yenye ukubwa wa nazi na makumbi yake, na kitako bapa, ili isimame mezani bila kuyumba.

Najua wenzangu wengi mliofika huku na watoto mnaliona boga kila dirishani na kudhani ndilo asili ya Halloween. Boga ni la Marekani. Waairishi walichonga tanipu, na waliovuka bahari, hasa baada ya njaa ya viazi iliyoanza 1845, wakakuta kule boga: kubwa, laini, lenye uwazi tayari ndani. Wakaacha tanipu, na baada ya miaka boga likarudi huku kama mgeni. Katika jumba la makumbusho la maisha ya kijijini huko Turlough, County Mayo, kuna taa moja ya namna hiyo iliyonakiliwa kwa plasta, kutoka Fintown, Donegal. Uso wake umekunjamana na meno ni machache. Ukishauona, boga linalotabasamu halitakutisha tena.

Sasa kazi yenyewe. Tandaza kitambaa kibichi mezani ili tanipu isiteleze. Kata kofia ya juu, unene wa vidole viwili, kwa kisu kidogo kikali. Mwaka wangu wa kwanza nilitumia kisu cha kukatia nyama, kikateleza kwenye ganda, na kovu lipo mpaka leo chini ya kidole gumba cha kushoto. Ukishaikata, chora kwa ncha ya kisu mistari ya kukatana ndani yake, kama unavyochanja embe. Kisha chukua kijiko cha chai cha chuma, kile kizito kisichopinda, uchokonoe kipande kimoja kimoja. Ni kazi ya saa nzima, wakati mwingine na nusu. Acha ukuta wa kama sentimita moja. Vipande unavyotoa usivitupe: vichemshe, viponde na siagi na pilipili manga, ndicho chakula chako cha jioni.

Aliyenifundisha ni bibi mmoja niliyekuwa nikimhudumia nyumbani kwake karibu na Athboy. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi, kwa hiyo alikaa karibu na jiko akielekeza, nami nikichokonoa. Nilipoanza kupima macho ili yalingane, alinizuia. "Acha moja liwe juu," alisema. "Huyu si wa kupigwa picha." Tangu siku hiyo nachonga jicho moja juu, jingine chini, na mdomo mpana kidogo ili hewa ipite. Toboa tundu kwenye kofia moshi utoke, na mawili ubavuni ya kupitishia waya wa kubebea. Ndani weka mshumaa mfupi wa kikombe cha bati. Baada ya dakika kumi kofia itaanza kuungua kidogo kwa chini na nyumba itanuka tanipu ya kuchoma. Usiogope, hiyo ndiyo harufu ya usiku huu kwa kila mzee wa hapa. Ila taa isiachwe bila mtu wala karibu na pazia.

Karibu na mji huo wa Athboy kuna kilima kiitwacho Tlachtga, au Hill of Ward. Maandishi ya kale ya Ireland yanasema hapo ndipo moto wa Samhain ulipowashwa. Samhain husomwa "sauin", na hadi leo ndilo jina la mwezi wa Novemba kwa Kiairishi. Ng'ombe walikuwa wameshateremshwa kutoka malisho ya kiangazi, mavuno yako ghalani, na nusu ya giza ya mwaka ilianza. Wakelti, watu wa kale wa huku, walihesabu siku kuanzia machweo, kama nasi tunavyosema usiku wa kuamkia Ijumaa. Ndiyo maana sikukuu ya 1 Novemba huanza jioni ya 31 Oktoba. Usiku huo, waliamini, mpaka kati ya walio hai na waliokufa hulegea. Watu walijifunika nyuso wasitambuliwe na mizimu.

Kanisa lilikuja juu ya hayo. Katika karne ya 9 Papa Gregory IV aliieneza Sikukuu ya Watakatifu Wote ya 1 Novemba, na jina Halloween maana yake ni mkesha wa sikukuu hiyo tu. Wakatoliki wenzangu wa Voi na Wundanyi, kwetu Kenya, wanaifahamu, na Marehemu Wote inayofuata tarehe 2, bila kujua kwamba ni familia moja na Halloween.

Mimi ni Mtaita. Wazee wetu walihifadhi mafuvu ya waliotangulia katika mapango ya milimani na kuwaendea shida ilipozidi. Kwa hiyo nikiambiwa na ndugu kanisani kwamba usiku huu ni wa shetani, namweleza kwa upole ninachokijua: ni watu waliowaachia wafu wao nafasi kando ya moto.

Taa ikiwa tayari, kuna mkate mtamu wa usiku huo, uitwao brack. Siku moja kabla, loweka gramu 350 za zabibu kavu katika mililita 300 za chai ya rangi, nzito, iliyopoa. Kesho yake changanya na yai moja, gramu 125 za sukari ya kahawia, gramu 225 za unga wa ngano uliochanganywa tayari na baking powder, na kijiko cha viungo vya keki. Oka kwa nyuzi 170 kwa saa moja. Huu ni brack wa haraka. Ule wa kale hutumia hamira. Funga pete katika karatasi ya kuokea na uichomeke ndani: atakayeipata ataolewa au kuoa mwaka huo. Wengine huchomeka pia kitambaa na sarafu: kipande cha kitambaa ni umaskini, sarafu ni mali. Waonye wote mezani watafune taratibu.

Usiku wenyewe watoto watagonga mlango kuanzia magharibi, wakiomba vitu vitamu. Washa taa ya nje kama unawakaribisha. Ukiizima, wengi watapita. Peremende zinatosha, lakini wazee hupenda kutoa tufaha na karanga za maganda, ambazo mwezi huu zimejaa madukani, nawe wajua kuzichagua. Zamani mtoto aliimba au kutoa shairi kwanza. Mwombe wimbo. Fataki usinunue hata ukishawishiwa, maana kuzilipua bila leseni hapa ni kosa kisheria.

Kufikia 2 Novemba taa yako itakuwa imenywea, midomo imejikunja ndani kama ya kikongwe asiye na meno. Hapo ndipo inapopendeza zaidi. Bibi aliiwasha mara ya mwisho jioni hiyo, akaacha kiti kimoja wazi karibu na jiko na mlango bila komeo, akataja majina ya watu wake mmoja mmoja. Alipomaliza alinigeukia akasubiri, nami nikataja ya kwetu. Asubuhi nikaifukia tanipu bustanini.