Kamera moja na lenzi moja kwa kisiwa kisicho na umeme

Mwulize mpiga picha yeyote wa Kampala angeenda na kamera gani kisiwa kisicho na mtu, atakuanzishia hesabu ya megapikseli. Mimi nauliza kwanza: utachaji na nini? Riziki yangu ni picha za paspoti, ubatizo, harusi na wavuvi katika visiwa vya Ssese, ndani ya Ziwa Victoria. Ukishavuka kwa feri kutoka Bukakata hadi Luku, ukaupita mji wa Kalangala na kupanda boti ya mbao kwenda visiwa vya nje, umeme ni sola ya mwenye duka, na simu za mwalo mzima zimepanga foleni. Visiwa vyenyewe ni 84, na vingine havina mkazi hata mmoja. Kwa hiyo swali hili kwetu si la kupigia soga tu.

Anza na betri, mdogo wangu. Chukua mfano wa Canon EOS 250D, ambayo ndiyo ninayokupendekezea. Kwa kipimo cha watengenezaji, ukipiga kwa kuchungulia kwenye kitundu chake, betri moja inakupa picha kama 1,070. Ukipiga kwa kutazama skrini ya nyuma, ni kama 320. Kamera ni ileile, betri ni ileile. Hapo ndipo ninapoachana na kamera hizi mpya zisizo na kioo ndani, hata kama picha zake ni safi, kwa sababu hata kitundu chao cha kuchungulia ni skrini ndogo inayokula chaji. Kwa kamera ya kioo, ambacho huleta picha kwenye kitundu bila umeme, unaweza kumvizia kwazi asubuhi nzima mpaka ashuke majini, na betri isijue kinachoendelea.

Betri hiyo, LP-E17, ni ndogo: paneli ya sola ya wati 10 huijaza kwa saa mbili tatu za jua la kweli, na zaidi mawingu ya ziwa yakitanda. Ila chaja inayouzwa nayo ni ya kuchomeka ukutani, na kamera yenyewe haichaji kwa waya wa USB. Nunua chaja ya USB ya betri hiyo ukiwa bado mjini. Nunua na betri ya pili. Inapochaji, paneli ikae juani, betri ikae kivulini.

Sasa lenzi. Lenzi huchaguliwa kwa umbali ulio kati yako na unachokipiga, na mara nyingi umbali huo huupangi wewe. Mvuvi amesimama kwenye mtumbwi, ameinua sangara, anakwambia, “Ssebo (bwana), samaki mzima aonekane!” Nyuma yako ni maji. Utarudi wapi? Kati yenu pana mita mbili tu. Lenzi ya milimita 50 kwenye kamera hii, hata ukiisimamisha wima, itachukua sentimita 90 hivi za mtu: kichwa hadi kiunoni, na mkia wa sangara umebaki nje. Ya milimita 24, kwa umbali huohuo, inachukua kama mita 1.85, yaani mtu mzima na miguu yake. Ukishuka hadi 18 utapata kila kitu na mtumbwi juu, lakini ukisogea karibu kilicho mbele kinavimba. Mvuvi atafurahi samaki wake akivimba. Bibi harusi hatafurahi pua yake ikivimba.

Ndiyo maana chaguo langu ni Canon EF-S 24mm f/2.8 STM. Ina uzito wa gramu 125, ni nyembamba hata kamera inaingia mfuko wa koti, na inaona vizuri hadi sentimita 16, kwa hiyo magamba, majani na wadudu hutahitaji lenzi nyingine. Ile f/2.8, yaani tundu pana la kupitishia mwanga, inakuruhusu kupiga usiku kwa mwanga wa taa za wavuvi wa dagaa, ukipandisha ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) hadi 3200 au 6400 na kukubali chembechembe kidogo. Na kwa kuwa ni lenzi moja, haitoki kwenye kamera, mchanga hauna mlango wa kuingilia.

Utakachokosa nakwambia mapema: vya mbali. Nenda kisiwa cha Ngamba uwatazame sokwe kutoka kwenye jukwaa la wageni wakati wa kulishwa, na lenzi hii itakuletea punje za maharage. Anayeishi kwa ndege na wanyama achukue lenzi ya milimita 70–300 na asinisikilize.

Usininunulie maneno, jipime. Fungua picha zako za zamani kwenye kompyuta, tazama taarifa za kila picha uliyoipenda, uone ilipigwa kwa milimita ngapi. Kama una ile lenzi ya 18–55 inayokuja na kamera, izungushe hadi 24, ifunge kwa selotepu, ufanye nayo kazi wiki nzima, harusi ikiwemo. Ukijikuta kila mara unasogea mbele, wewe ni mtu wa 35 au 50. Ukijikuta unagonga ukuta kwa mgongo, 24 inakutosha au hata haitoshi.

Kuna wazee watakaokwambia uchukue Nikon FM2, kamera ya filamu, kwa sababu shata yake inafanya kazi bila betri kabisa. Betri ni ya kupimia mwanga tu. Ni kweli, na ni chuma hasa. Lakini roli moja ni picha 36, na joto na unyevu wa ziwa huiharibu filamu kabla hujapata pa kuisafishia. Ricoh GR III ni tamu na inaingia mfuko wa shati, ila betri yake ni ya picha kama 200 na haikukingwa dhidi ya maji wala vumbi. Olympus TG-6 inazama hadi mita 15 na inachaji kwa USB. Kama ningeshinda majini ningeichukua bila ubishi. Sensa yake, kile kipande kinachopokea mwanga, ni ndogo, na hiyo ndiyo inayonikatisha tamaa jioni ikiingia.

250D nayo haikukingwa, kwa hiyo kinga ni yako. Mimi natumia ndoo ya rangi yenye kifuniko kinachobana: boti ikiyumba inaelea, na mvua haiingii. Ndani weka vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu vipya, na vikishashiba unyevu weka vingine vikavu. Usihifadhi lenzi kwenye begi la ngozi lililofungwa gizani, maana kuvu hupenda hapohapo.

Mwanga wa huku, karibu kabisa na ikweta, una ukali wake. Mchana jua liko utosini na kofia inaficha macho, kwa hiyo inua flashi ndogo ya kamera hata saa sita mchana. Na usiende na flashi ya nje ya bei nafuu bila kuijaribu: 250D haina ile pini ya katikati pale juu flashi inapochomekwa, na nyingi hazitawaka. Mchanga mweupe huidanganya kamera ikatia giza, ongeza mwanga kwa hatua moja. Sura nyeusi mbele ya maji yanayong'aa, pima mwanga kwenye uso, maji yajipoteze yenyewe.

Ukinunua iliyotumika, mulika lenzi kwa tochi kutoka nyuma: nyuzi nyeupe kama za buibui ni kuvu, irudishe. Halafu chukua kadi mbili za GB 32 badala ya moja kubwa. Iliyojaa izungushie selotepu, irudi kwenye ndoo, na isifutwe mpaka picha zimenakiliwa mahali pawili.