Mumeo Akiendesha Treni ya TAZARA: Begi la Safari na Usingizi wa Mchana

Reli ya TAZARA ina kilomita 1,860, Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia, na treni ya mizigo haina saa ya uhakika ya kurudi. Akiaga kwa siku mbili, andaa ya siku tatu.

Chakula ndicho huharibika kwanza. Usimfungie wali wa nazi, tui huchacha haraka kwenye joto. Mpe chapati sita, nyama iliyokaangwa hadi ikakauka, karanga, na dumu la maji la lita 5. Chapati zipoe kabisa kwenye ungo ndipo uzifunge kwa kitambaa cha pamba. Ukizifunika zikiwa moto, mvuke huzirudia, zinalowa, na kesho yake zinanuka.

Tia sweta hata kama Dar kunaunguza. Usiku wa Juni na Julai, Makambako na Mbeya baridi yake si ya mchezo.

Usimpigie akiwa anaendesha. Tuma ujumbe, atajibu akisimama. Akipangiwa kuvuka Tunduma, saa za Zambia ziko nyuma kwa saa moja, kwa hiyo usianze kuhofu mapema.

Akirudi alfajiri, linda usingizi wake kwa dhati: pazia zito, simu chumba kingine, watoto wacheze kwa jirani. Apate saa 7 au 8 mfululizo. Anayelala vipande vipande husinzia kazini, na taa nyekundu humpita. Habari za ada na kodi ya nyumba mpe akishaoga na kula.