Zabuni za serikali za kutengeneza mitambo: kaione mashine kabla ya kuandika bei

Natengeneza jenereta na pampu za taasisi za umma. Zabuni zangu za mwanzo zilianguka kwenye makaratasi, wala si kwenye spana. Siku hizi nafuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Chagua fungu linalokutosha. Kazi nyingi hugawanywa kwa mafungu. Kama wewe ni fundi wa pampu, omba la pampu; lifti waachie wenye lifti. Wakitaka uzoefu wa mikataba mitatu nawe unao mmoja, ulizia ubia, au fanya kazi chini ya kampuni kubwa kisha uombe barua ya kuthibitisha ulichofanya.

Hatua ya 2: Soma kabrasha la zabuni ukianzia vigezo vya tathmini. Tathmini ya awali haipimi ufundi. Inatazama kama hati zote zipo, zimesainiwa, na dhamana ya zabuni, yaani ahadi ya fedha kwamba hutajitoa, inadumu hadi tarehe waliyoitaja. Niliwahi kuenguliwa kwa sababu ya saini moja iliyokosekana, na bei yangu ndiyo iliyokuwa ya chini kuliko zote. Iliniuma sana. Tangu hapo mtu wa pili hukagua kila ukurasa kabla sijawasilisha.

Hatua ya 3: Nenda kwenye ukaguzi wa mashine. Hapa ndipo fundi mdogo anapowapita wakubwa, maana wao mara nyingi hutuma karani. Nenda mwenyewe. Andika modeli, soma mita ya saa za kazi, omba daftari la matengenezo, fungua mfuniko kama unaruhusiwa. Jenereta iliyoandikwa kuwa nzima unaweza kuikuta rejeta inavuja na betri imekufa, na gharama hiyo itakuangukia wewe usipoiona mapema. Kisha uliza kwa maandishi: vipuri ni juu ya nani? Ubovu uliokuwepo kabla ya mkataba unalipiwa kando? Kumbuka kwamba majibu kwa kawaida hutumwa kwa wazabuni wote, kwa hiyo swali lako lisifichue hesabu zako.

Hatua ya 4: Panga bei. Tenganisha sevisi ya kawaida, yaani oili, filta na mikanda, na matengenezo ya mashine iliyoharibika. Weka usafiri na wito wa usiku, hasa kama mkataba unakutaka ufike ndani ya saa chache. Malipo huja baada ya kazi kukubaliwa, na huweza kuchelewa kwa miezi; mtaji wa vipuri wa kipindi hicho uwe nao mkononi. Ukishusha bei ili ushinde tu, vipuri utavinunua kwa pesa ya nyumbani kwako.

Hatua ya 5: Wasilisha siku moja kabla. Mfumo wa zabuni wa mtandaoni ukifungwa haumsubiri mtu.

Hatua ya 6: Baada ya matokeo. Ukikosa, omba sababu kwa maandishi. Ukishinda, usiondoke kwenye mashine kabla mtumiaji wake hajasaini kadi ya kazi, yaani karatasi inayoonyesha ulichofanya, na kipuri cha zamani kikabidhi pamoja nayo. Ankara isiyo na kadi hiyo hukaa mezani kwa mhasibu.