Jiji lako la Ohio linataka kupandisha kodi ya mapato? Anzia kwenye slipu yako ya mshahara

Jamani ndugu zangu tulio huku Ohio, Marekani, kila jiji likipelea bajeti utasikia habari ni ileile, meya anasema hela haitoshi, tuongeze kodi ya jiji kidogo tu, nusu asilimia, la sivyo polisi na zimamoto watapungua. Na sisi tunaanza kubishana, huyu anasema ni wizi, yule anasema ni lazima, na ukiwauliza wote wawili wanakatwa dola ngapi sasa hivi hakuna anayejua. Kwa hiyo anza hapo.

Chukua slipu yako ya mshahara. Utaona makato ya serikali kuu, ya jimbo, halafu kuna mstari wenye jina la mji, hiyo ndo kodi yenyewe. Kama slipu huna, angalia W-2 yako, ile fomu ya mwaka ya mshahara kutoka kwa mwajiri, kule chini, kisanduku cha 18, 19 na 20: mshahara uliohesabiwa, kiasi ulichokatwa, na mji uliochukua. Sasa piga hesabu. Unalipwa dola 3,000 kwa mwezi kabla ya makato, kodi ni asilimia 2, unakatwa 60. Ikipanda iwe 2.5 unakatwa 75. Ni dola 15 kwa mwezi, 180 kwa mwaka. Wakikwambia nusu asilimia inasikika kama kitu kidogo lakini kodi yenyewe imepanda kwa robo nzima, kwa hiyo hesabu kwa dola zako mwenyewe.

Na hii kodi haiangalii una watoto wangapi, inaanza kwenye dola ya kwanza uliyoifanyia kazi. Pensheni haiguswi, Social Security, yale malipo ya uzeeni ya serikali kuu, haiguswi, riba ya benki haiguswi. Mzigo uko kwa anayeamka alfajiri kwenda shifti, na hapo ndo sisi wengi tulipo.

Sheria ya Ohio inasema jiji likitaka kuvuka asilimia 1 lazima liwaulize wapiga kura. Columbus walifanya hivyo mwaka 2009. Uchumi ulikuwa umeanguka, watu wanapoteza kazi, na jiji linaloishi kwa kukata mishahara watu wasipofanya kazi nalo linakauka. Mwezi wa 3 mwaka huo Obama alikuja kwenye mahafali ya polisi wapya 25 ambao nafasi zao ziliokolewa na hela ya serikali kuu, lakini hela ile ilikuwa ya muda, kwa hiyo tarehe 4 Agosti Meya Michael Coleman akapeleka swali kwa wananchi na wakakubali kwa tofauti ndogo, kodi ikatoka 2 ikawa 2.5. Cleveland wakafuata Novemba 2016. Cincinnati wao 2020 walienda njia nyingine, kodi ya mauzo ikapanda kwa ajili ya mabasi, ya mapato ikashuka kutoka 2.1 hadi 1.8, yaani mzigo ukahamia kwa kila anayenunua kitu, hata mzee wa pensheni.

Kwa hiyo uliza: hela inaenda wapi? Columbus robo ya kodi hii inawekwa pembeni kwa ujenzi na vifaa, mji wako je? Ni ya kudumu au ya miaka kadhaa kama ile sehemu ya Toledo ambayo watu wanaipigia kura upya? Na hilo pengo la bajeti ni la mwaka huu tu au litarudi mwakani?

Halafu kuna hili la krediti, yaani punguzo ambalo mji unaoishi unakupa kwa kodi uliyolipa mji wa kazini, naomba msome polepole maana linaumiza watu wetu sana. Unalipa kwanza mji unaofanyia kazi, kisha mji unaolala unaangalia umeshalipa kiasi gani huko. Tuseme mji wako ni asilimia 2 na kazini Columbus unakatwa 2.5, ukipewa krediti yote nyumbani hudaiwi kitu. Ila mji wako ukiamua kutambua nusu tu ya ile asilimia 2 yake, unadaiwa asilimia 1 juu ya ile ya kazini, kwa mshahara wetu wa 3,000 ni dola 30 kila mwezi, mara mbili ya ile 15 tuliyokuwa tunagombania! Na mara nyingi madiwani wanaweza kupunguza krediti wenyewe bila kuita kura. Mimi yalinikuta, nilihama mji, kazi nikabaki nayo ileile, nikajua nakatwa basi imetosha, baada ya miaka miwili ikaja barua, kodi na faini na riba juu. Barua ikitoka RITA au CCA usiitupe, hao wanakusanya kwa niaba ya miji, fungua siku hiyohiyo.

Ukishajua namba zako nenda kwenye kikao cha baraza la jiji. Piga simu kwa karani mapema, uliza unajiandikishaje kuongea na kama wana mkalimani wa Kiswahili. Kawaida unapewa dakika tatu hivi, usianze na historia, sema unafanya kazi gani, unakatwa ngapi, ikipanda nini kitapungua nyumbani kwako, na unataka wajibu swali gani. Huhitaji kuwa raia kuongea pale.

Kupiga kura ndo kunahitaji uraia. Green card haitoshi, hata kujiandikisha usijiandikishe, mtu akikusukumia fomu sokoni kataa, kesi ya uhamiaji inaweza kuharibika kabisa kwa hilo. Ambaye ni raia ajiandikishe si chini ya siku 30 kabla ya kura.

Ikipita, angalia slipu ya kwanza baada ya tarehe ya kuanza, uone kama wamekata kiwango kipya na kama ni mji sahihi. Wale wa Uber na biashara zenu, nyie hakuna anayewakatia, wekeni pembeni kila wiki na mlipe kila robo mwaka, msisubiri Aprili.