Kupika sukari guru Dodoma: chokaa, povu na joto la kuepulia

Muwa hauvumilii kungoja. Ukishakatwa, sukari yake huanza kuvunjika kuwa glukosi na fruktosi, na hizo huzuia isigande. Kwa jua la Dodoma, kamua ndani ya saa 24. Miwa ikitoka mbali, kama Morogoro, agiza mizima na uifunike. Kilo 100 nzuri hutoa takribani kilo 10 za sukari guru.

Chuja juisi kwa kitambaa, mimina kwenye karai pana, washa makapi makavu. Kabla haijachemka, tia kidogo kidogo maji ya chokaa iliyozimwa, ya chakula, si ile ya kupaka ukuta. Pima kwa karatasi ya pH, yaani ya kupimia uchachu: juisi mbichi huwa karibu 5.3, ipandishe hadi 6.2 au 6.5. Chokaa ikizidi, sukari hugeuka nyeusi. Povu likipanda, liengue lote kwa subira, maana uchafu ukishachanganyika na shira hautoki tena.

Sasa joto. Miongozo mingi husema uepue kwenye nyuzi 118, lakini hiyo ni ya usawa wa bahari. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu, maji huchemka karibu na nyuzi 96, hivyo epua kwenye 114. Ukingoja 118, utaiunguza. Dondosha tone kwenye maji baridi: likiviringika vidoleni na kuwa gumu, ondoa moto. Koroga hadi iwe nzito, mimina kwenye kalibu za mbao zilizolowanishwa.

Ikibaki laini na kunata, ama umeepua mapema, ama miwa ilikaa sana. Ya kwanza hurudishwa motoni. Ya pili haina dawa.