Pua imepoteza harufu? Izoeshe upya kwa karafuu na limau za sokoni Mtwara

Mama mmoja anayekaanga samaki Mikindani alikuja kliniki na lalamiko moja: siku hizi anajua mafuta yameungua pale tu wateja wanapokunja nyuso. Mafua makali yalimpita, nguvu zikarudi, harufu haikurudi. Alitaka dawa ya kutia puani. Nikamwambia, mama, dawa ya kuamsha vipokezi vya harufu, yaani vile vinasio vidogo puani vinavyoidaka harufu, bado haijafika duka lolote la dawa. Kilichopo ni mazoezi, na vifaa vyake karibu vyote viko sokoni.

Hatua ya 1: Hakikisha njia iko wazi

Kama hewa haifiki juu kabisa ndani ya pua, mazoezi ni bure. Mwenye vinyama vya pua, au pua iliyoziba miezi kwa mzio, aanzie hospitali. Aliyepoteza harufu baada ya kugonga kichwa, au anayetoka damu upande mmoja, asisubiri. Na mtoto anayetoa uvundo tundu moja tu la pua, mara nyingi kajitia kitu, kama punje ya mahindi.

Hatua ya 2: Jipime

Mtu akufunge macho kwa kitambaa, kisha akuletee kimoja kimoja: kahawa ya unga, kipande cha sabuni, karafuu. Usijipime kwa dawa ya kuchua yenye mentoli wala kwa kitunguu. Ule ubaridi na ule mchomo hupita kwenye mshipa wa fahamu unaobeba mguso na maumivu ya uso, si ule wa harufu. Nimeona watu wanatokwa machozi kwa kitunguu wakashangilia kwamba wamepona.

Hatua ya 3: Andaa chupa nne

Orodha hii ilitumiwa na Thomas Hummel na wenzake huko Dresden, Ujerumani, katika utafiti uliochapishwa 2009: waridi, limau, karafuu na mkaratusi. Ua, tunda, kiungo, na kitu chenye utomvu. Tafuta chupa ndogo za kioo zenye kifuniko, zioshe, zikauke, ziandike majina.

Karafuu chukua kama kumi, uziponde kidogo tu. Ukizisaga unga utauvuta puani. Limau kwaruza ganda, achana na maji yake. Kwa joto letu ganda hilo halimalizi siku mbili kabla ya kuchacha, kwa hiyo libadilishe. Mkaratusi, majani mabichi yaliyofikichwa yanatosha. Waridi ndilo lenye taabu: nenda duka la udi na marashi uulize halwaridi, tone moja kwenye pamba. Ukilikosa, weka asumini. Marashi ya kupuliza yaache, yana spiriti inayochoma.

Kuna walioniuliza kama wanaweza kunusa korosho zikichomwa, maana ndiyo harufu ya kwetu. Hapana. Moshi wa maganda unabeba yale mafuta yanayobabua mikono ya wabanguaji.

Hatua ya 4: Nusa

Asubuhi kabla ya chai, na usiku kabla ya kulala. Sogeza chupa chini ya pua bila kuigusa, nusa kwa vipumzi vifupi vifupi kama sungura, sekunde 20. Funga, pumzika nusu dakika, chukua nyingine. Usivute kwa nguvu kama anayejifukiza. Na akili iwepo: ukishika karafuu, kumbuka pilau ya Idi, itafute harufu ile hata kama hakuna kinachokuja. Wengi hukosea hapa. Wananusa huku wanatazama simu.

Kwa nini inasaidia? Kwenye dari ya pua kuna utando mdogo wenye seli za fahamu, na kila seli hubeba aina moja ya kipokezi kati ya takriban 400 alizonazo binadamu. Eujenoli, kemikali inayoipa karafuu harufu yake, hugusa aina kadhaa kwa pamoja, na ubongo ndio unaousoma mchanganyiko huo kuwa ni karafuu. Seli hizi hufa na kuzaliwa upya. Mpya zinapochipua, unazipa kazi, na ubongo unajifunza tena kuzisoma. Si wote wanaofanikiwa, nasema mapema.

Sasa hilo la dawa. Linda Buck na Richard Axel walitangaza jeni za vipokezi hivi 1991, wakapata Tuzo ya Nobel 2004. Vipokezi hivi ni ndugu wa vile vinavyoguswa na salbutamoli ya pumu na losatani ya presha. Karibu theluthi moja ya dawa zilizoidhinishwa hulenga ukoo huo. Tena haviishii puani. Kimoja, OR51E2, kimo kwenye tezi dume, na umbo lake likiwa limeshika chembe ya harufu lilichorwa 2023. Kingine, OR2AT4, kimo kwenye ngozi, na kilipoguswa na harufu ya sandali iliyotengenezwa maabara, seli za ngozi ziliongeza kasi ya kuziba jeraha. Ni maabara, jamani. Usiende kupaka liwa kwenye kidonda.

Hatua ya 5: Andika, wiki 12

Daftari, kila Jumapili, kila chupa ipe alama 0 hadi 10. Usishtuke harufu zikirudi zimepinda, kahawa ikanuka uozo. Mara nyingi ni dalili kwamba kitu kinaamka.

Wakati huo, mtungi wa gesi ukae penye hewa, na maungio yakaguliwe kwa povu la sabuni. Hapa Mtwara tunajivunia gesi ya Msimbati, lakini gesi asilia yenyewe haina harufu. Hata ya mtungi hutiwa harufu makusudi ili watu washtuke, na wewe kwa sasa hutashtuka.

Wiki 12 zikiisha, badilisha chupa: mchaichai, iliki, tangawizi, kahawa. Yule mama wa Mikindani yuko hapo. Iliki ameipa 5. Kahawa anasema bado inanuka mpira ulioungua, na mafuta ya samaki anamwachia binti yake ayanuse.